Sauti ya Upande wa Mombasa

Mwaka ule watu walipofunika nyuso kwa barakoa na vyuo vikafungwa, hoteli yangu ndogo pale Kwa Vonza ilikosa wateja. Nilikuwa naishi kwa kuwapikia wanafunzi: chapati na maharagwe, na siku za Ijumaa muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na mbaazi. Wanafunzi walirudishwa makwao, na sufuria zangu zikakaa kifudifudi. Mama yangu alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hapo. Tulikuwa tumeishi wawili katika nyumba ile tangu utoto wangu, na sikuwa nimeolewa. Kwa hiyo hoteli ilipofungwa nilibaki ndani ya vyumba vitatu ambamo sauti pekee ilikuwa ya mabati yakilia kwa joto la mchana.

Binamu yangu mmoja, dereva wa lori la kokoto, ndiye aliyeniambia kwamba Nairobi kunajengwa barabara kubwa ya kupita juu ya ile ya zamani, na kwamba wanatafuta watu wa kuongoza magari. Alisema wanapenda wanawake kwa kazi hiyo kwa sababu madereva hawawatukani sana. Kwa hilo alikosea, lakini nilienda.

Barabara yenyewe ilianzia Mlolongo, mji uliopata jina kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakitoka Mombasa na kungoja pale kupimwa uzito. Kutoka hapo ilipita Syokimau, ikapita njia panda ya uwanja wa ndege, ikaandamana na ua wa mbuga ambako asubuhi uliweza kuona shingo za twiga, kisha ikapanda juu ya nguzo, ikakatiza jiji lote na kwenda kuishia Westlands. Haikutafutiwa mahali papya. Iliwekwa juu ya mgongo wa barabara ya zamani, ile ambayo sisi watu wa Ukambani tumeingilia Nairobi miaka yote. Mama aliwahi kunisimulia kwamba alipokuwa msichana, basi la kutoka Kitui likishapita Athi River, mtu aliona nyika tupu pande zote mbili na nyumbu wakila majani, mpaka jiji litokeze mbele kwa ghafla. Nilipofika mimi, nyika ilikuwa imegeuka magodauni, vituo vya mafuta na maghorofa. Katikati ya lami kulikuwa bado na ukanda wa miti, na kando yake watu waliuza miche ya maua katika mifuko myeusi ya plastiki. Katika wiki zangu za kwanza niliiona miti ile ikikatwa. Wauza miche walipakia bustani zao kwenye mikokoteni wakahama. Kisha mashimo ya nguzo yakaanza kuchimbwa.

Kazi yangu ilikuwa rahisi kueleza. Pale mashine zilipokuwa zikifanya kazi, magari ya pande zote mbili yalipitishwa kwa zamu kwenye kijia kimoja chembamba cha pembeni. Kila mwisho wa kijia alisimama mtu mwenye kibao cha duara, upande mmoja mwekundu, upande mwingine kijani. Mimi nikigeuza kijani, mwenzangu wa mbali lazima awe mwekundu, la sivyo malori yatakutana katikati. Hatukuonana. Baina yetu kulikuwa na kreni, magari ya zege na vumbi, na kila mtu alikuwa amevaa kofia ngumu, miwani na barakoa. Asubuhi yeye alikuja na lori la wafanyakazi waliolala Mlolongo, mimi nikaja na lile la upande wa jiji. Tuliunganishwa na redio za mkononi tu. Nyapara alikataza majina, akisema yanachanganya watu. Mimi niliyesimama upande wa jiji nikaitwa Mjini. Yule wa upande wa pili akaitwa Mombasa.

Siku ya kwanza tulizungumza Kiswahili cha kazi asubuhi nzima. Mjini funga, Mombasa naachilia, gari la mwisho ni pikapu nyeupe. Karibu na saa sita lori moja la saruji lilimpita karibu mno, na nikasikia kwenye redio akiguna na kulalamika kwa Kikamba. Ilikuwa sauti nzito, ya pole, na Kikamba chenyewe kilikuwa cha zamani, chenye maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia kwa mama na rika lake tu. Nilibonyeza kitufe nikamwambia kwa lugha yetu, "Mwaitu, kumbe wewe ni wa kwetu."

Mwaitu ni mama, na ndivyo tunavyomwita mwanamke yeyote tunayempa heshima.

"Wa kwetu kabisa," akasema. "Nyumbani ni Kambu."

Tangu siku hiyo kazi ilibadilika. Redio zilikuwa na chaneli nyingine ambayo haikutumiwa sana, na magari yalipokuwa yakienda vizuri tulihamia huko tukaongea Kikamba. Wahandisi hawakuelewa neno. Mimi ndiye niliyeongea zaidi. Nilimweleza jinsi mama alivyougua, jinsi nilivyompeleka Kitui mjini akarudi hajambo, na jinsi alivyofariki wiki ile ile nikiwa nimetoka kwenda kununua unga. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote habari ya unga. Kanisani waliniombea na kuniletea sukari na majani ya chai, lakini hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, na mimi sikusema. Nilipomaliza kusimulia, redio ilikoroma, na sauti ya mwanamume ikasema kwa Kikamba kwamba pole sana, dada. Alikuwa mwendesha kreni, mtu wa Mwingi, aliyekuwa akitusikiliza kule juu siku zote. Hatukujua tucheke au tuone haya. Kuanzia hapo tulikuwa tukimwamkia kwanza kabla ya kuanza mazungumzo yetu.

Nikawa namuuliza Mombasa mambo ambayo ningemuuliza mama. Hakujibu papo hapo hata mara moja. Angesema, "Hilo nitakwambia kesho," na kesho yake, magari yakishatulia, angejibu. Nilimpenda kwa hilo. Niliona ni mtu mzima anayepima neno kabla ya kulitoa.

Nilimuuliza kama ni vibaya kuvaa sweta ya mama kazini, maana asubuhi za barabarani zilikuwa na baridi na sikuwa na nguo nzito. Kesho yake akasema, "Ivae. Hakuinunua ili panya waile." Nikaivaa, na siku hiyo nilisimama na kibao changu nikinusa sabuni ya nyumbani kwetu katikati ya moshi wa dizeli.

Jambo zito zaidi lilihusu mzee mmoja wa kanisa letu kule Kwa Vonza, aliyefiwa na mke, mtu mpole mwenye shamba na ng'ombe wa maziwa. Alikuwa ametuma watu kuuliza kama ningekubali kuolewa naye. Nilikuwa nimefika umri ambao maswali kama hayo hayaji tena, na ndugu za mama walishaanza kusema kana kwamba nimekubali. Nilimweleza Mombasa kila kitu. Akasema atanijibu kesho. Kesho yake hakuanza na salamu.

"Ukimwona anakuja kwenu," aliniuliza, "unatoka nje au unaingia ndani?"

Nilisimama pale kibao kikiwa chekundu mkononi, madereva wakipiga honi, nikajiona dirishani mwa jikoni siku ile yule mzee alipoleta maziwa. Nilikuwa nimeingia ndani, nikajifanya natafuta chombo, nikakaa huko mpaka alipoaga. Jumamosi hiyo niliwapigia ndugu za mama nikawaambia sitaolewa. Walinikasirikia. Sijajuta, ingawa zipo siku ambazo nimekaa mezani na sahani moja nikafikiria lile shamba.

Nguzo zilikuwa zikisonga kuelekea mjini, na sisi tukisonga nazo. Tulipita magodauni, tukapita uwanja wa michezo, tukaanza kuona maghorofa ya katikati ya jiji. Mihimili ya zege iliwekwa juu ya nguzo mmoja baada ya mwingine, na kivuli cha barabara ambayo haijafunguliwa kikaanza kutufunika. Kwangu kilikuwa kivuli kizuri. Mombasa alisema kwake kinamfanya ajione yuko chini ya kitanda cha mtu. Yeye hakusema mengi juu ya maisha yake. Nilijua tu kwamba nyumbani kwao walikuwa wakiuza matikiti kando ya lami, na kwamba kuna mzee anayemtunza. Nilidhani ni mume. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kusema juu yangu.

Asubuhi moja nilibonyeza kitufe nikamsalimia kama kawaida. Aliyejibu alikuwa mwanamume.

"Hapa Mombasa," akasema kwa Kiswahili. "Endelea, Mjini."

Nikamuuliza yule mama yuko wapi. Akasema yeye ameletwa leo tu, hajui. Nyapara alisema amerudi kwao kwa shida za nyumbani, redio yake ameiacha stoo. Nilipomwomba nambari yake ya simu alisema hayo ni mambo ya ofisi, na ofisini waliniambia nambari za wafanyakazi hazitolewi. Mwendesha kreni aliniuliza mchana ule kwenye ile chaneli yetu kama kuna habari. Nikamwambia hakuna. Baada ya siku kadhaa aliacha kuuliza, naye akahamishiwa sehemu nyingine.

Nilibaki kwenye kazi ile mpaka mwisho, na sehemu ile ya mwisho sina mengi ya kusimulia. Tulivuka jiji, tukapita karibu na jumba la makumbusho, tukafika Westlands. Yule kijana aliyekuwa Mombasa alikuwa mtu mzuri, lakini tuliongea habari za magari tu. Siku barabara ilipofunguliwa sikuwapo. Nilikuwa nimeshapewa barua ya kuachishwa kazi pamoja na wengine, nikarudi Kwa Vonza. Barabara ile haikuruhusu watu wa miguu wala pikipiki, kwa hiyo mtu wa aina yangu angeweza kuiona kwa chini tu.

Nilipita juu yake mara moja. Akina mama wa kanisa tulikodi gari kwenda arusini Westlands, na dereva akaamua kulipia njia ya juu ili tusichelewe. Wenzangu waliimba. Mimi nilikaa dirishani nikitafuta mahali nilipokuwa nikisimama. Kutoka juu kila kitu kilikuwa paa: mabati ya magodauni, matangi ya maji, nguo zilizoanikwa juu ya maghorofa. Ule ukuta wa pembeni ulificha barabara ya chini kabisa. Nilijaribu kumwonyesha mama mmoja aliyekaa kando yangu, nikamwambia hapa ndipo nilipofanya kazi, au pengine ni pale mbele. Akatazama kwa adabu, akasema ni pazuri. Kabla sijajua tulikuwa tunashuka.

Nadhani ni safari hiyo iliyonifanya niende Kambu. Vyuo vilikuwa vimefunguliwa, hoteli yangu inauza tena, na niliweza kumwachia jirani kwa siku mbili. Nilikwenda Kitui nikapanda gari la Kibwezi kwa ile lami mpya inayopita Mutomo na Ikutha. Nikavuka Mto Athi nikaingia Makueni, kisha Kibwezi nikapata gari jingine la kwenda Kambu. Nilikuwa nimebeba asali ya Kitui na kitambaa cha kichwa cha rangi ya kahawia, kinachomfaa mwanamke wa makamo.

Wauza matikiti walikuwa wamepanga bidhaa zao kando ya barabara kuu, na malori ya Mombasa yalipita yakizitikisa turubai zao. Niliwaambia namtafuta mama mmoja wa hapa, mtu mzima, mwenye sauti nzito, aliyewahi kufanya kazi ya barabara Nairobi. Walitazamana. Walisema hakuna mama wa namna hiyo, ila kuna msichana mmoja aliyefanya kazi hiyo. Nikasema si msichana. Mmoja wao alimwita hivyo hivyo, na kutoka nyuma ya vibanda akaja msichana mwembamba wa umri wa wanafunzi ninaowapikia, amembeba mtoto mgongoni kwa leso. Nilianza kumwomba radhi kwa kumsumbua. Nilikuwa bado naeleza ninayemtafuta alipoinua mkono akanizuia.

"Mjini," akasema.

Ilikuwa ile sauti. Haikuafikiana na uso wala na mwili wake, lakini ilikuwa ile ile. Mmoja wa wauzaji akanisukumia kreti ya soda nikakaa.

Alinipeleka kwao, nyumba ya matofali isiyopigwa lipu iliyotazama reli. Akanipikia chai. Mimi sikujua nitazame wapi. Kila aliponyamaza nilikuwa naona mtoto wa watu, na kila aliposema namsikia mtu niliyemwambia habari ya unga. Mwishowe ndiye aliyeanza.

"Uliniita mwaitu siku ya kwanza," alisema. "Nilitaka kukwambia umri wangu. Halafu ukasema mama yako amefariki. Nikaona nikikwambia, utanyamaza."

Nikamwambia kwamba hata hivyo majibu yake hayakuwa ya msichana. Akainamisha uso, akasema hayakuwa yake. Alikuwa amelelewa na bibi yake, mama wa mama yake. Sisi kwa Kikamba tunasema susu. Ndiyo maana Kikamba chake kilikuwa cha kizee. Kila jioni alipofika Mlolongo alimpigia susu simu, na susu alikuwa akiuliza, kabla hata ya kuuliza habari zake yeye, yule wa Mjini ameamkaje leo. Ndipo angempa swali langu. Habari ya sweta susu aliijibu mara moja. Habari ya mzee wa kanisa alicheka sana kwanza, akasema ngoja nile, kisha akapiga simu mwenyewe baada ya chakula kutoa lile swali la kutoka nje na kuingia ndani.

Yule msichana aliacha kazi kwa sababu susu alianguka kisimani akavunjika nyonga. Alimuuguza hadi mwisho. Susu alifariki, akaniambia, karibu na wakati ule barabara ilipofunguliwa.

Nilimwomba anionyeshe. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limepangwa mawe, na juu yake wameweka matawi ya miiba ili mbuzi wasipite. Nilisimama pale na kile kitambaa cha kahawia mkononi. Nilikuwa nimemlilia mama yangu mbele ya wazee, mchungaji na majirani, kila mtu akijua ninamlilia nani. Hapa sikujua nianze vipi. Nilikuwa nimekaa chini ya uangalizi wa mwanamke huyu mwaka mzima, na wakati anazikwa mimi nilikuwa Kwa Vonza nikisugua sufuria, sina habari. Nilimuuliza yule msichana susu alikuwa na sauti ya namna gani.

"Kama yangu," akasema.

Baadaye alinionyesha picha, ile ya kitambulisho iliyokuzwa kwa ajili ya mazishi. Niliitazama kwa muda. Alikuwa bibi wa kawaida mwenye macho makali kidogo, na sikuona ndani yake mtu niliyemjua. Kitambaa nilimwachia msichana. Alijifunga pale pale, kikamfanya aonekane mdogo zaidi.

Alinisindikiza hadi barabarani. Tulipokuwa tukingoja gari aliniambia jina lake, nami nikamwambia langu, na tukacheka kidogo kwa haya kama watu wanaotambulishwa arusini. Nilichelewa gari la Kitui nikalala lojingi Kibwezi.

Sasa tunapigiana simu Jumapili baada ya ibada, si kila Jumapili. Ananiita shangazi. Hayo ni mazungumzo ya kawaida ya shangazi na mtoto wa ndugu: mvua, bei ya matikiti, meno ya mtoto. Sijamuuliza swali lolote zito tena, na sidhani nitamuuliza. Ni msichana, ana yake. Mwezi uliopita aliniambia amepata kazi Mombasa, kwenye barabara nyingine inayopanuliwa, na atasimama tena na kibao. Nilimuuliza mtoto atabaki na nani. Kabla hajajibu nilimwambia kwamba mimi nina chumba, kile cha mama, kina dirisha na kitanda, na kwamba Kwa Vonza kuna shule nzuri ya watoto wadogo. Nilisema haraka haraka, na nikajisikia nikisema.

Alinishukuru, akasema mama wa baba yake mtoto ameshamchukua, wamekubaliana tangu wiki jana.

Nikamwambia ni vizuri, mtoto akae na watu wake. Tukaongea kidogo juu ya joto la Mombasa, nikamwambia anywe maji mengi, akasema atakunywa. Aliponiaga nilichukua mitungi yangu nikatoka kwenda kuchota maji kabla kioski hakijafungwa.